ALT, AST zimepanda? Hiyo bado ni kadi ya njano

MEI 28, 2011 pale Wembley, London, Barcelona waliichapa Manchester United mabao 3-1 na kubeba Ligi ya Mabingwa Ulaya. Ulipofika muda wa kunyanyua kombe, nahodha Carles Puyol alivua kitambaa cha unahodha na kumpa Eric Abidal. Beki huyo Mfaransa alikuwa amekipiga dakika zote 90, ikiwa ni siku 72 tu tangu afanyiwe upasuaji wa kuondoa uvimbe kwenye ini. Mwaka uliofuata alipandikizwa ini, na Aprili 2013 akarudi tena uwanjani.

Hiyo ndiyo habari kubwa ya ini ambayo mashabiki wengi wa kandanda wanaikumbuka. Siku nyingine zote ini halina jina kwenye soka. Kinachozungumzwa vijiweni ni goti, enka, nyama za paja na moyo. Ini linatajwa mara chache sana, na mara nyingi linatajwa kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya maabara.

Mchezaji anapimwa afya kabla ya kusaini mkataba, au shabiki anapima damu kazini, karatasi inarudi na mshale unaoangalia juu: ALT 62, AST 58. Haumwi, anakula vizuri na analala vizuri. Hapo ndipo makosa mawili yanapofanyika. Wapo wanaoanza kuandika wosia, na wapo wanaoikunja karatasi, wakaitia mfukoni na kwenda kuangalia mechi. Wote wamekosea.

KARATASI INASEMA NINI?

Ini lina majukumu mengi kuliko kiungo mkabaji. Linachuja sumu, linatengeneza nyongo na protini za kugandisha damu, na linatunza akiba ya sukari ambayo mchezaji anaichoma dakika ya 80 wakati miguu imeanza kugoma.

Ndani ya seli zake kuna vimeng'enya, yaani kemikali zinazosaidia kazi za mwili kwenda haraka. Viwili vinavyopimwa sana ni ALT na AST. Seli ikiumia, vimeng'enya hivyo vinavuja na kuingia kwenye damu. Maabara inapima huko kuvuja.

Kwa hiyo namba ikiwa juu haimaanishi kwamba ini limeacha kazi. Inamaanisha kuna seli zimeguswa mahali fulani. Ukitaka kujua kama ini linapiga kazi yake, daktari anaangalia vitu vingine: bilirubini, ambayo ndiyo inayofanya macho yawe ya njano, albumini, ambayo ni protini inayotengenezwa na ini, na muda ambao damu inachukua kuganda.

Maabara nyingi zinaweka mpaka wa juu wa ALT karibu na 40, lakini zipo zinazoweka 35 na zipo zinazofika 50 na kitu. Ndiyo maana majibu ya hospitali moja hayalinganishwi kichwakichwa na ya hospitali nyingine. Angalia mpaka ulioandikwa kwenye karatasi yako mwenyewe.

Kupanda ambako madaktari wengi wanakuita kidogo ni kule kusikozidi mara tano ya mpaka. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: mipaka hiyo kwa kawaida hupangwa ili iwachukue watu 95 kati ya 100 wenye afya. Wachache waliobaki wanatoka nje ya mstari na wala hawana ugonjwa wowote.

MABEKI WAWILI, NAMBA MOJA

Chukua mfano wa mabeki wawili wanaokwenda kupimwa siku moja, wote wakiwa na ALT 62 na AST 58. Wa kwanza ametoka gym jana yake, ameanza kunyanyua vyuma baada ya mapumziko ya mwezi mzima. Wa pili hajafanya tizi wiki nzima, lakini ana virusi vya homa ya ini B tangu utotoni na hajui.

Karatasi zao zinafanana kama mapacha. Klabu ikimkataa wa kwanza kwa sababu ya ile namba, imemnyima mtu ugali wake bila kosa. Ikimwambia wa pili kwamba hayo ni mazoezi tu, imemwacha aende na ugonjwa unaoweza kulila ini lake kimyakimya kwa miaka 20 au 30.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Namba ni moja, maisha ni mawili. Kinachowatofautisha ni maswali yanayoulizwa baada ya karatasi kutoka.

TIZI NALO LINACHANGIA

AST haikai kwenye ini peke yake. Ipo kwenye misuli na kwenye moyo pia. Hata ALT, ambayo inahesabiwa kuwa ya ini zaidi, ipo kidogo kwenye misuli. Misuli ikichanikachanika kwa mazoezi makali, vimeng'enya hivyo vinamwagika kwenye damu na ini linabebeshwa lawama ambayo si yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la kitabibu la Uingereza uliwachukua wanaume 15 wenye afya ambao hawakuzoea kunyanyua vyuma, wakapewa programu ya saa moja tu. ALT na AST zao zilipanda na kubaki juu kwa angalau siku saba. Vipimo vya GGT, ALP na bilirubini, ambavyo navyo hutumika kuangalia ini na njia za nyongo, vilibaki kawaida.

Somo kwa klabu zetu ni jepesi. Mchezaji anayetolewa damu siku ya tatu ya kambi ya maandalizi ya msimu, baada ya kukimbizwa mchangani asubuhi na jioni, anaweza kutoa majibu ya kutisha bila kuwa na shida yoyote. Damu ichukuliwe kabla tizi halijaanza. Ikishindikana, daktari wa timu aongeze kipimo cha CK, ambacho ni kimeng'enya cha misuli. CK ikiwa juu sana na GGT ikiwa sawa, kidole kinaelekea kwenye misuli.

Baada ya mapumziko, AST hushuka mapema kuliko ALT. Kwa hiyo mtu aliyepumzika siku tatu nne anaweza kukuta moja imerudi na nyingine bado inasuasua.

VIDONGE VYA KABLA YA MECHI

Wachezaji wanajuana kwa hili. Enka inauma, mechi ni kesho, kinachofuata ni kidonge cha maumivu na mtu anaingia uwanjani. Madaktari wa FIFA walifuatilia dawa zilizotumika kwenye Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini na kukuta karibu wachezaji wanne kati ya kumi walikuwa wakimeza dawa ya maumivu kabla ya kila mechi.

Kama hali ni hiyo kwa mastaa wenye jopo la madaktari, kwenye ndondo, ambako dawa inanunuliwa duka la jirani, mtu anajipimia mwenyewe. Diklofenaki, ambayo wengi wanaimeza kama pipi, inajulikana kwa kupandisha vimeng'enya vya ini kwa baadhi ya watu. Parasetamo nayo ni salama kwa kipimo chake, na mwisho wake kwa mtu mzima mwenye afya ni vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliwapa watu wenye afya kiasi hichohicho cha juu kila siku kwa wiki mbili, na takriban theluthi moja au zaidi yao ALT ilipanda kupita mara tatu ya mpaka. Sasa fikiria anayezidisha na juu yake anashushia bia.

Orodha haiishii hapo. Dawa za kifua kikuu, baadhi ya dawa za fangasi na sindano za kujaza misuli zinazouzwa kwa siri gym zote zinaweza kuligusa ini. Unga wa mitishamba wa "kuongeza nguvu" usiojulikana ndani una nini nao umo. Ukienda kwa daktari, taja kila kitu unachomeza, hata kile unachoona aibu kukitaja. Na kama ni dawa uliyoandikiwa hospitali, usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe kwa sababu umeona mshale. Rudi kwa aliyekuandikia.

BIA, CHIPSI NA KITAMBI

Hapa mashabiki wanaingia uwanjani. Pombe ni moja ya sababu za mwanzo ambazo daktari atauliza. AST ikiwa juu zaidi ya mara mbili ya ALT, na GGT nayo imepanda, mara nyingi pombe inakuwa mshukiwa wa kwanza.

Soka lina ushahidi wake mchungu. George Best, winga wa Manchester United aliyebeba Kombe la Ulaya na Ballon d'Or mwaka 1968, aliharibu ini lake kwa ulevi. Alipandikizwa jingine mwaka 2002, lakini pombe haikumwacha, na Novemba 25, 2005 alifariki dunia akiwa na miaka 59.

Lakini usijipongeze kwa sababu hunywi. Mafuta kwenye ini hayachagui mlevi na asiye mlevi. Kitambi, kisukari na presha vinakwenda pamoja na ini lililojaa mafuta, na hii ni moja ya sababu za kawaida kabisa za ALT kupanda kidogo. Yule mdau anayekaa kibanda umiza kuanzia mechi ya saa tisa hadi ya saa tano usiku, chipsi mayai mkono mmoja na soda mkono mwingine, yumo kwenye kundi hili hata kama hajawahi kuonja bia. Na mchezaji aliyestaafu, aliyeacha kukimbia lakini hakuacha kula kama anayekimbia, naye yumo.

Habari njema ni kwamba ini la namna hii linasamehe. Kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito kunaweza kupunguza mafuta na uvimbe ndani ya ini. Kwa mtu wa kilo 90, hiyo ni kama kilo 6 hadi 9. Haina haja ya kushuka kwa mwezi mmoja. Kutembea kwa kasi nusu saa siku tano za wiki, kukata soda na kupunguza vya kukaanga kunaanza kazi.

Na kuna zawadi kwa wazee wa kijiweni. Tafiti nyingi zimeona kwamba wanywaji wa kahawa wana vimeng'enya vilivyo chini kidogo na makovu machache ya ini kuliko wasiokunywa. Kahawa chungu ya kwenye kikombe kidogo, ile inayosindikiza ubishi wa Simba na Yanga, haina ubaya kwa ini. Kashata tu ndizo zihesabiwe.

HOMA YA INI B, MPINZANI ASIYEPIGA KELELE

Kwa Afrika, swali ambalo halitakiwi kurukwa ni homa ya ini B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivyo kwa hali sugu, na ni kama asilimia 13 tu kati yao waliokuwa wamepimwa na kujua. Zaidi ya nusu ya maambukizi mapya yako Afrika.

Wengi waliyapata wakiwa watoto wachanga, kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa, au wakiwa wadogo. Chanjo iliingizwa kwenye utaratibu wa watoto Tanzania na Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, maana yake wachezaji na mashabiki wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Kwa mtu mzima, chanjo ya kawaida ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita. Kabla ya kuchanjwa unapimwa kwanza.

Virusi hivi vinapita kwenye damu, ngono na vitu vyenye ncha kali vinavyochangiwa, kama nyembe na sindano. Havipiti kwenye kupeana mikono, kukumbatiana baada ya bao wala kula sahani moja. Michezo iliwahi kupata somo lake: kati ya 1957 na 1963 huko Sweden, mamia ya wakimbiaji wa mbio za porini, zile za kutafuta njia kwa ramani na dira, waliugua homa ya ini. Walikuwa wakichanwa na vichaka, kisha wananawa majeraha kwenye maji ya pamoja.

Ndiyo maana sheria namba 5 ya soka inamtaka mwamuzi amtoe nje mchezaji anayevuja damu, na asirudi mpaka damu ikauke na vifaa vyake viwe safi. Kuna mashabiki wanaoona mwamuzi anapoteza muda. Hapotezi. Na zile klabu za mtaani zenye ndoo moja na sponji moja la kumfuta kila aliyeumia zijue kwamba hapo ndipo hatari ilipo, kuliko kwenye jezi yenye jasho.

Kuwa na virusi hivyo si mwisho wa kucheza. Wapo wanaohitaji dawa na wapo wanaohitaji kufuatiliwa tu kila baada ya miezi kadhaa. Homa ya ini C nayo siku hizi inatibika kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, na zaidi ya asilimia 95 ya wanaotibiwa wanapona.

Kwa wale wa Kanda ya Ziwa, daktari aambiwe pia kama umekua ukioga ziwani. Kichocho cha tumbo kinaweza kuleta makovu kwenye ini huku ALT ikionekana ya kawaida. Hiyo inakumbusha jambo jingine: namba nzuri nayo si hati ya kuwa mzima. Hata ini lililoshajaa makovu linaweza kutoa vimeng'enya vya kawaida.

MSHALE UMEPANDA, UFANYE NINI?

Kwanza, kama huna dalili na kupanda ni kidogo, hakuna haja ya kukimbia usiku. Lakini weka miadi na daktari, usiishie kwa rafiki aliyewahi kusoma maabara.

Pili, kipimo kitarudiwa, mara nyingi baada ya wiki chache. Kabla ya kurudia, kaa angalau siku saba bila mazoezi makali, bila pombe na bila dawa za maumivu za kujinunulia. Nenda na karatasi ya zamani, maana daktari anataka kuona kama namba inapanda, inashuka au imekaa palepale.

Tatu, kurudia peke yake hakutoshi. Namba inaweza kushuka leo na sababu ikabaki. Omba upimwe homa ya ini B na C, sukari na mafuta kwenye damu, na daktari akiona inafaa, ultrasaundi ya tumbo. Kama ikibaki juu bila jibu, anatafuta sababu nyingine za nadra, kama za kurithi au kinga ya mwili kulishambulia ini.

Nne, zipo dalili zisizosubiri miadi. Macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama soda ya kola, tumbo kujaa maji, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au mtu kuanza kuchanganyikiwa. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

KLABU NAZO ZINA LA KUFANYA

Majibu ya damu ni mali ya mchezaji. Kiongozi anayezungumzia ini la mchezaji redioni ili kueleza kwa nini dili limekufa anamharibia mtu riziki, na mara nyingine kwa namba ambayo ingeshuka yenyewe baada ya wiki ya kupumzika. Kabla ya kusema amefeli vipimo, klabu ijiulize kama imeuliza yale maswali: alifanya tizi lini, anameza nini, amepimwa homa ya ini, kipimo kimerudiwa?

Mashabiki wana nafasi yao. Kila mwaka kwenye wiki za Simba na Yanga za kufungua msimu, watu wanapanga foleni kuchangia damu wakiwa na jezi zao. Damu hiyo hupimwa Ukimwi, kaswende na homa ya ini B na C kabla ya kupewa mgonjwa. Kuchangia damu si njia ya kwenda kujipima, na mwenye wasiwasi aende moja kwa moja kituo cha afya. Lakini aliyechangia ana haki ya kujua kilichoonekana. Jezi mpya ikishafuliwa na tambo za vijiweni zikishapoa, arudi akachukue majibu yake.